Pampu ya mafuta kwa gari la zamani lililotolewa nozeli na kufungwa kabureta

Pampu ya nozeli (mfumo wa kupulizia petroli kwenye injini) iliyomo ndani ya tangi usiiache. Inasukuma presha ya psi 40 hivi, wakati kabureta (kichanganyaji cha petroli na hewa) aina ya Weber inataka psi 2.5 hadi 3.5 tu. Ikizidi, sindano ya floti, inayozuia petroli kuingia kabureta ikijaa, inashindwa kufunga, petroli inafurika na kumwagika juu ya injini ya moto. Hapo gari linaungua.

Nunua pampu ya umeme ya presha ndogo. Ukikuta ya psi 4 hadi 7, weka regyuleta (kipunguza presha) na upime kwa geji injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Maandishi ya boksi pekee hayatoshi.

Ifunge karibu na tangi, chini ya usawa wa mafuta, filta ikitangulia. Pampu hizi zinajua kusukuma, kuvuta zinachoka. Ukiifunga mbele kwenye joto, mlima wa Kitonga utakukomesha: petroli inageuka mvuke kwenye mpira wa mafuta, injini inakosa mafuta. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, petroli inachemka mapema zaidi. Mpira wa kurudisha mafuta tangini unasaidia sana.

Umeme wa pampu upitie rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na swichi ya presha ya oili, injini ikizima pampu nayo izime.