Somo: Likeri ya machungwa kwenye crêpes Suzette, na kwa nini haiwaki

"Mbona haiwaki?" linaulizwa kila mara, na jibu ni lile lile: soma asilimia ya kilevi kwenye chupa ya likeri, yaani pombe tamu yenye ladha. Somo zima liko hapa, sitarudia tena. Crêpes Suzette ni chapati za maji za Kifaransa kwenye sosi ya machungwa, humwagiwa likeri na kuwashwa moto. Kipimo ni cha watu wanne.

Mahitaji: chapati za maji nyembamba 8, sukari gramu 60, siagi gramu 60, maji ya machungwa mililita 150, ganda la chungwa moja, likeri mililita 60. Likeri za machungwa Cointreau na Grand Marnier zote zina kilevi asilimia 40. Ya kwanza ni ladha safi ya ganda. Ya pili ina konyaki ya Ufaransa, sosi inakolea zaidi. Triple sec, jina la jumla la likeri ya machungwa isiyo na rangi, nyingi za bei nafuu zina 15 hadi 25: ladha utapata, moto usiutegemee.

1. Pika chapati, kunja robo.
2. Kwaruza ganda, rangi tu. Nyeupe ya chini ni chungu.
3. Yeyusha sukari hadi rangi ya asali, tia siagi, kisha maji ya machungwa na ganda. Sukari itaganda, endelea kuchemsha, itayeyuka.
4. Sosi ikianza kushika kijiko, ingiza chapati, geuza.
5. Likeri. Hapa ndipo wengi wanakwama. Sosi ikiwa nyingi na majimaji, kilevi kinazimuka na hakiwaki; ipunguze kwanza. Likeri ikiwa baridi, mvuke hautoshi. Ipashe kwenye sufuria ndogo iwe vuguvugu, isichemke, maana ikichemka kilevi kinaondoka kabla ya kiberiti. Zima jiko na feni. Pima kwenye kikombe, USIMIMINE kutoka kwenye chupa, moto unaweza kupanda hadi ndani. Mwaga, washa pembeni kwa njiti ndefu, uso uwe mbali. Mfuniko uwe karibu. Moto ukizidi funika, usitie maji.

MASWALI

— Nina likeri ya machungwa ya bluu tu (blue curaçao), itafaa?
Bluu juu ya njano ni kijani. Asilimia nimeshaeleza.

— Nimemimina na jiko linawaka, moto ukaruka.
Hatua ya 5. Isome yote kabla ya kurudia.

— Mkuu, moto ukizimika kilevi kimeisha? Mama mkwe hatumii kabisa.
Swali zuri sana, dada. Hakijaisha. Jedwali la wizara ya kilimo ya Marekani linaonyesha karibu asilimia 75 hubaki baada ya kuwasha, na hata ukichemsha saa nzima hubaki 25. Mpikie yake kwenye kikaango kingine: sugua ganda la machungwa mawili kwenye sukari kwa vidole, acha nusu saa mafuta yatoke, halafu fuata hatua ya 3. Malizia na kijiko cha maji ya limau.

— Na kwenye keki?
Shira mililita 100, likeri 30. Tia likeri shira ikishapoa kidogo, la sivyo harufu inapotea na mvuke. Toboa keki kwa kijiti ndipo umwagie.

— Chupa iliyobaki niiweke friji?
Si lazima. Funga vizuri, weka mbali na jua. Ukitaka kinywaji cha margarita: tequila mililita 50, likeri 20, maji ya ndimu 15, tikisa na barafu.