Kumhamisha mtoto shule ya serikali Arua, jijini na wilayani

Kabla ya kuandika barua yoyote, jua kwanza shule iko upande gani. Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, ilipofanywa jiji Julai 2020, maeneo ya Ayivu na Central yalitoka mikononi mwa wilaya. Wilaya ya Arua ikabaki na Vurra, na Terego ikawa wilaya yake. Ndiyo maana shule mbili jirani zinaweza kuwa chini ya maofisa elimu wawili tofauti. Mzazi wa Ayivu anayepeleka lalamiko kwa DEO, yaani ofisa elimu wa wilaya, atapoteza asubuhi nzima, kwani DEO hana amri juu ya shule za jiji. Usitegemee kibao cha langoni, huenda kilichorwa zamani. Muulize mwalimu mkuu inspekta wake anatoka ofisi gani.

Kisha anza na shule unayokwenda, si ile unayotoka. Wengi hufanya kinyume: wanachukua barua ya uhamisho, wanafika shule mpya wanaambiwa P5 (darasa la tano la msingi) imejaa, na mtoto anakaa nyumbani wiki tatu. Nenda wiki ya mwisho ya muhula wa tatu, au kabla shule hazijafunguliwa Februari. Uliza kama nafasi ipo na wazazi wamekubaliana nini kuhusu chakula cha mchana. Uliza pia wanafundisha kwa lugha gani.

Hilo la lugha ndilo linaloangusha watoto wengi. Kwa mtaala ulioanza 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, yaani Kilugbara huku kwetu. P4 ni mwaka wa kuvuka, na kuanzia P5 ni Kiingereza. Shule za mjini, kwa kuwa watoto wanatoka nyumba za lugha nyingi, mara nyingi huanza Kiingereza P1. Mtoto wa P3 kutoka Vurra akiletwa mjini anajua kutoa na kujumlisha, ila haelewi swali lililoandikwa ubaoni. Mwalimu atasema arudishwe darasa. Usikubali mara moja. Omba aulizwe hesabu kwa mdomo, kwa Kilugbara, ijulikane kama tatizo ni hesabu au ni lugha. Anayetoka mjini kwenda kijijini naye ana shida yake: hajawahi kusoma Kilugbara kwenye karatasi. Kama unaweza kuchagua wakati, mhamishe kabla ya P2 au subiri P5.

Ukishakubaliwa kwa mdomo, rudi shule ya zamani ukachukue barua ya uhamisho yenye sahihi na muhuri, ripoti ya muhula uliopita, na namba ya LIN. LIN ni namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu, na huandikishwa kwa NIN ya mtoto, yaani namba yake ya utambulisho wa taifa. Mkimbizi wa Rhino Camp au Imvepi hutumia namba ya karatasi zake za ukimbizi. Mtoto asiye na NIN aandikishwe mapema NIRA, mamlaka ya usajili wa raia. Kuandikishwa huko ni bure, lakini foleni haina huruma.

Barua ya karatasi peke yake haitoshi. Hakikisha uhamisho umekamilishwa pia ndani ya mfumo, la sivyo mtoto atakaa dawati la shule mpya huku akihesabiwa shule ya zamani. Mwalimu mkuu akivutavuta miguu, elewa sababu: fedha za UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila ada, karibu shilingi 20,000 kwa mtoto kwa mwaka, hufuata idadi ya wanafunzi. Kila anayeondoka anaondoka na chaki.

Sasa jina. Weka cheti cha kuzaliwa, ripoti na barua mezani, usome herufi kwa herufi. Asuman na Asumani, Amina na Aminah: kwako ni mtoto yuleyule, kwa kompyuta ni wawili. Mpangilio wa majina nao uwe mmoja kote. Rekebisha akiwa P4 au P5, wakati bado ni suala la mwalimu na kalamu yake.

P7 ni habari nyingine. Shule huandikisha watahiniwa wa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, katika nusu ya kwanza ya mwaka, na mtoto hufanyia mtihani kwenye kituo alichoandikishwa. Ukimhamisha baada ya hapo, itabidi arudi kule siku za mtihani, hata kama ni safari ya saa tatu kwa boda. Ada ya mtihani kwa mtoto wa UPE hulipwa na serikali, kwa hiyo ukiombwa hela ya kumwandikisha, uliza ni ya nini. Omba kuona orodha kabla haijatumwa, uangalie jina na jinsia. Kosa litakaloachwa hapo litachapwa kwenye matokeo.

Sare, madaftari na chakula ni juu yako. Lakini Sheria ya Elimu ya 2008 inakataza shule ya UPE kutoza ada, na pia kumfukuza mtoto kwa sababu mzazi hajatoa mchango. Likitokea, anza na mwalimu mkuu, halafu mwenyekiti wa kamati ya usimamizi wa shule. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati hiyo, kwa hiyo usimwachie barua inayomlalamikia yeye. Mpe mwenyekiti mkononi, na nakala yako aitie sahihi na tarehe ya kupokea. Pasipopatikana jibu baada ya wiki mbili, chukua nakala hiyo uende kwa inspekta, wa jiji au wa wilaya, kulingana na ulivyoambiwa siku ya kwanza.