Kabla Hujaileta RX-8 Kigoma

Mazda RX-8 imesemwa vibaya kuliko inavyostahili. Ni gari tamu. Injini ni ndogo, imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu, na usukani unaitika papo hapo. Ndani hamna pistoni za kupanda na kushuka. Kuna rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, ndiyo maana ile ya gia sita za mkono inafika mizunguko 9,000 kwa dakika bila kutetemeka. Mazda ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1991 kwa injini ya ukoo huohuo.

Zilianza kutoka kiwandani 2003 zikakoma 2012, kwa hiyo unayoiona leo ni ya zamani na bei yake inavutia. Bei hiyo ndiyo inayoponza watu. Mtu ananunua kwa macho, analitunza kama IST, injini inakufa, kisha anatangaza mji mzima kwamba gari halifai. Wewe jipange kwanza.

Mafuta: kadi itasoma cc 1,308, usidhani litakunywa kama Vitz. Litakunywa kama gari la injini kubwa.

Ushuru: gari la umri huu lina ushuru wa uchakavu. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela Japani, siyo meli ikishatia nanga Dar.

Kampresheni, yaani nguvu ya injini kugandamiza hewa, ipimwe kwa kifaa cha injini za rota. Kila rota ina nyuso tatu, na geji ya kawaida itakuonyesha ule mmoja wenye nguvu tu. Kama gari liko nchini na kifaa hakuna, liwashe mpaka lipate moto sawasawa, lizime, subiri dakika chache, washa tena. Stata ikizunguka sana ndipo liwake, sili za kwenye ncha za rota zimelika. Rudisha funguo, aga, ondoka.

Koili ziko nne, plagi nne. Gari likianza kumisi, yaani plagi moja haichomi petroli, usiendelee nalo hadi Kasulu eti utaona mbele ya safari. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya kusafisha moshi ndani ya ekzosi, masega yanayeyuka na kuziba, na joto linarudi kuiua injini.

Rejeta nayo ikaguliwe mapema. Mshale wa joto wa gari hili unatulia katikati hata hali inapoanza kuharibika. Ukiuona umenyanyuka, umeshachelewa.

Oili linakula, na limeumbwa hivyo: oili kidogo hupulizwa ndani ili kulainisha sili, kisha inaungua na petroli. Pima kila unapojaza mafuta. Wenye magari haya wengi huongeza na oili ya tu-stroki kwenye tangi, kiasi cha mililita 100 kwa lita 20. Kigoma hilo si geni. Nenda Kibirizi uone wenye maboti wanavyochanganya.

Sasa hili lifuatalo lisome mara mbili. Usiliwashe likiwa baridi ukalizima hapohapo.

Kijana mmoja wa Mwanga ya Kigoma, rafiki yangu, alipeleka RX-8 yake kuoshwa jioni. Likaoshwa vizuri, likapoa. Muoshaji akataka nafasi ya gari jingine, akaliwasha, akalisogeza hatua chache, akazima. Asubuhi stata inazunguka, gari haliwaki. Walipiga stata mpaka betri ikaisha. Gereji ya kwanza ikamuuzia pampu ya mafuta. Wapi. Ya pili ikamwambia injini imekufa, atafute ya Toyota wamfungie. Akaanza kutafuta mnunuzi wa bei ya kutupa, na alilipenda gari lile mno.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja anayetengeneza injini za maboti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mara ya mwisho kuwaka lilikuwa linakwenda wapi?"

"Halikwenda popote mzee, lilisogezwa tu."

Mzee hakuuliza zaidi. Aling'oa tairi la mbele kushoto, akafungua plagi zote nne huku akiziwekea alama, maana za juu na za chini hazifanani. Zilikuwa zimelowa petroli chapachapa. Injini baridi hupewa petroli ya ziada. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli ile inabaki ndani na kuosha oili kwenye sili. Bila oili hakuna kampresheni, na kila ukipiga stata unaongeza petroli nyingine. Mzee alizungusha injini plagi zikiwa nje mpaka ikatema, akadondoshea oili kidogo kwenye matundu, akakausha plagi, akatia betri iliyojaa chaji. Kisha: "Kanyaga mafuta mpaka chini, usiachie, washa." Ukikanyaga hivyo, kompyuta inakata petroli wakati stata inazunguka. Lilikohoa, likafuka moshi mweupe hadi barabarani, likanguruma.

Kwa hiyo ukiliwasha, liache mpaka mshale ufike katikati ndipo uzime. Ukitaka kulisogeza uani, waite vijana wawili walisukume, halifiki tani moja na nusu. Muoshaji asipewe funguo, hata akiwa shemeji yako. Na likishapata moto, lipandishe mizunguko juu kila siku, maana kuliendesha kinyonge kunajaza masizi na sili zinaganda.

Mengine unayajua. Plagi za akiba ziwe kwenye buti, na betri isiwe ya kubahatisha. Gari liko chini, matuta yapite mshazari. Tafuta fundi anayekubali kusoma kabla ya kufungua. Barabara ya Uvinza usiku ina ng'ombe na malori yasiyo na taa, na lami ikiwa nzuri mguu unakuwa mzito, kwa hiyo breki na tairi zikaguliwe kabla hujafika Kidahwe.