Namna ya kuangalia Columbo kibarazani na mkatoka na maoni ya maana

Kama mna kibaraza chenu cha jioni, iwe Ngamiani, Makorora au Chumbageni hapa Tanga, na mmeshachoka kubishana mpira kila siku, Simba, Yanga na Wagosi wa Kaya (Coastal Union yetu), wekeni siku moja episodi ya Columbo muiangalie wote mpaka mwisho halafu kila mtu aseme alichoona. Mimi hii tamthilia naipenda kweli na inaniuma watu wanavyoimaliza halafu mtu anasema tu "kali hiyo" au "inaboa" anainuka anaenda zake. Hayo sio maoni jamani, maoni ni mtu akuonyeshe kitu kwenye skrini na akwambie kwa kile kitu ndio nimependa au nimekataa. Nitaelekeza hapa namna ya kuyapata.

Kwa wasioijua: Columbo ni mpelelezi wa polisi Los Angeles, anayecheza ni Peter Falk, koti la mvua lililochakaa, sigara nene mkononi, gari Peugeot 403 hoi bin taabani, na mke anayemtaja kila saa ila sisi hatumuoni. Ilianza 1968 na ya mwisho ikatoka 2003, jumla episodi 69. Walioibuni ni Richard Levinson na William Link, na utamu wake ni kwamba muuaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa, unamuona anavyoua na anavyoficha, halafu ndio anaingia huyu mzee na maswali yake ya kizembe, anaaga, anafika mlangoni, anageuka "samahani, kuna kitu kimoja tu." Hili waambieni watu kabla hamjabonyeza chochote. Usipowaambia kuna mtu dakika ya ishirini atasema aah tumeshamjua muuaji, badilisha. Swali la usiku huo si nani kaua. Swali ni kajisahau wapi.

Ya kuanzia nashauri muweke Any Old Port in a Storm, ya Oktoba 1973, aliyeiongoza Leo Penn. Nimeichagua kwa sababu kisa chote kinageukia kwenye joto, na joto watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa. Sasa nakisimulia chote maana anayeendesha kikao lazima akijue, we kama ni mtazamaji tu ruka aya inayofuata usijiharibie.

Adrian Carsini, anachezwa na Donald Pleasence, anaendesha kiwanda cha waini cha familia, mtu wa ladha na kujisikia. Ndugu yake wa baba mmoja, Rick, ndiye mwenye mali na anataka kuiuza kwa kampuni inayotengeneza waini rahisi. Adrian anapandisha hasira anampiga kichwani, anamfunga ndani ya ghala la waini, anazima kiyoyozi anaondoka kwenda New York na kumuacha afie humo kwa kukosa hewa. Akirudi anamvalisha nguo za kuzamia anamtupa baharini ionekane ni ajali. Kumbe katikati ya ile wiki lilipiga joto kali, na waini zote za thamani humo ghalani zikaharibika bila yeye kujua. Columbo anakuja kuchukua chupa moja kutoka ghala lilelile, anampeleka Carsini hotelini, wahudumu wanamimina, na Carsini akionja tu anawaka mbele za watu kwamba mnatuletea waini iliyoungua na joto! Kajishtaki kwa ulimi wake.

Mambo ya maandalizi ni machache. Wekeni baada ya isha, chajini laptop mapema umeme usije ukawakata katikati, na mtenge kama saa moja na nusu na zaidi kidogo. Ni Kiingereza kwa hiyo muwe na mtu mmoja wa kutafsiri, mmoja tu, wakiwa watatu wanaanza kusahihishana na picha inapita. Na kwa heshima waambieni wakubwa mapema kwamba kisa ni cha mtengeneza waini, chupa zitaonekana sana, asiyependa ajue asije akakereka ugenini.

Kuna sehemu mbili za kusimamisha, zisizidi. Ya kwanza ni pale kiyoyozi kinapozimwa. Simamisha hapo, uliza tu, "akirudi atakuta nini humu ndani?" Wengi watasema maiti. Subiri, mara nyingi atatokea mama mmoja aliyekaa pembeni aseme na vitu vyote vitakuwa vimechacha, na hapo usimsifu wala usimkatalie, endelea. Ya pili ni gari la Rick, gari la michezo la bei mbaya, limekutwa ufukweni eti limekaa nje pale siku zote toka apotee. Columbo analizunguka. Simamisha tena uache watu walitazame lile bodi. Wiki ile mvua ilinyesha, na gari halina hata alama ya tone. Ukiwa na fundi au dereva kwenye kikao huyu ndiye wa kumsikiliza, maana anajua gari lililolala nje kwenye mvua na chumvi ya bahari linavyokuwa asubuhi, madoa meupe juu ya boneti na vumbi limeganda chini ya vioo, na atakueleza kwa nini lile lililala ndani ya banda la mtu.

Mkimaliza ndio kazi yenyewe. Kwetu mkubwa ndio anaanza kusema, na akishasema mzee kwamba hii nzuri basi vijana wote nzuri, hakuna kikao tena. Dawa ni kumuomba ruhusa wazi. Kitu kama hivi:

"Shikamoo babu."
"Marhaba mwanangu."
"Babu utuwie radhi, leo tungependa waanze wadogo, wewe ndio utufungie."
"Haya, waanze, mimi niko."

Hakuna mzee atakayekataa akiombwa hivyo, na anapofunga anakuwa na vya kujibu. Chungeni tu wazee wasipotelee kwenye ile Peugeot, maana ndugu zake Peugeot 404 zilivyotamba mbio za magari za Safari miaka ya sitini wanazikumbuka na hadithi hizo haziishi, nzuri sana ila ziwekeeni muda wake kwenye kahawa.

Kila mtu muulize kwanza umeona nini, ndio umuulize umeionaje. Akisema "Columbo ana akili", muulize wapi, kwenye kitu gani. Akishindwa kutaja mpe nafasi afikirie, rudi kwake baadaye, usimwache akaona kapita.

Ubishi mkubwa utakuja kwenye ile chupa ya hotelini. Wapo watakaosema ule sio ushahidi, mtu kuonja waini na kukasirika hakimu gani atamfunga, tena chupa yenyewe Columbo kaitoa kwenye ghala la mshukiwa bila kuaga. Wana hoja, na waache waipeleke mpaka mwisho. Mimi msimamo wangu ni kwamba ule mtego ndio bora kuliko yote, kwa sababu hotelini pale hakuna mwingine ambaye angeitambua ile kasoro, ni yeye tu, ufundi aliojivunia maisha yake yote ndio umemuuza. Kwa wasiojua waini waelezeni hivi: mama aliyepika miaka yote ukimpa tui lililolala haulizi, anatema, hata kama mbele yake kakaa mkwe.

Halafu kuna Karen, yule katibu muhtasi, Julie Harris. Anajua bosi wake kadanganya, anamfichia siri, kisha anataka amuoe. Wanaume wengi wanampita kama hayupo, wakina mama ndio wanamdaka, mwe! watabishana kama ni mnyonge au ni mjanja, na bila yeye huwezi kuelewa kwa nini Carsini mwishoni anakiri kirahisi vile. Ukiona hajatajwa mtaje wewe. Na muwaulize pia kama walimuonea huruma muuaji, maana ile safari ya mwisho ndani ya gari la Columbo, wawili wanaoheshimiana na chupa moja katikati, inawagawa watu sana, wengine wanasema polisi hatakiwi kumfanyia muuaji upole ule. Mimi naona ule upole ndio unaifanya episodi ikae moyoni.

Mmoja aandike kwenye simu, mistari mitatu kwa kila mtu: kitu alichokiona, anasemaje, na nani kampinga kwa hoja gani. Mfano: "Gari halina alama ya mvua. Anasema hapo ndio kesi ilipoisha, chupa ni nyongeza. Kapingwa kwamba gari linaonyesha tu lilifichwa, halionyeshi nani kaua." Akisoma hivyo hata asiyekuwepo atataka kuiona.

Kwa wiki inayofuata wekeni Murder by the Book ya 1971, aliyeiongoza ni Steven Spielberg akiwa na miaka 24 tu, na mambo yanaanza sekunde za kwanza kabisa kwenye sauti ya mashine ya kuchapa, kwa hiyo waambieni wawahi, na spika iwe imeshawashwa kabla picha haijaanza.