Kuvuta Cat 6 kwenye shafti iliyojaa koaksi za terminali

Ukiitwa kufunga mtandao wa kompyuta kwa waya wa Cat 6 kwenye ghorofa la zamani pale Posta, usitaje bei kabla hujaona shafti, yaani ile njia ya wima inayopitisha nyaya toka ghorofa hadi ghorofa. Mimi naanza na funguo za shafti, hesabu ya maboksi ya waya baadaye. Ukifungua unaweza kukuta fungu nene la koaksi nyeusi, zile nyaya nene zenye waya mmoja wa kati uliozungukwa na wavu, limekakamaa kwa vumbi, na tundu la sakafu halipitishi hata kidole.

Koaksi hizo ni za mfumo wa zamani wa IBM 3270, uliotaka kila terminali (skrini na kibodi ya kutumia kompyuta kuu) iwe na waya wake mpaka kwenye kontrola, boksi la kuziunganisha na kompyuta hiyo. Kontrola moja aina ya 3274 ilibeba terminali hadi 32, na koaksi ya RG-62 ina unene wa kama milimita 6. Karani akihamishwa meza, mafundi walivuta waya mpya na ule wa zamani ukabaki hapo hapo. Baadaye zikaja boksi za kuunganisha terminali 8 kwenye koaksi moja, lakini shafti ilishajaa.

Sasa, usikate kitu. Futa ganda kwa kitambaa usome maandishi. RG-62 ni ya terminali, ohm 93 (kipimo cha ukinzani wa waya kwa mawimbi). RG-59 ni ohm 75, na hiyo huenda ni ya kamera za ulinzi zinazofanya kazi mpaka leo. Ikate uone simu zitakavyolia. Hata RG-62 ihakikishe. Chomoa ncha zote mbili, pima kwanza kama haina umeme, kisha msaidizi wako wa juu agusishe waya wa kati na wavu wake kwa kipande cha waya. Wewe huku chini weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio: ikilia akigusisha na kunyamaza akiachia, ndio huo huo. Ufunge utepe mwekundu ncha zote.

Kutoa, anzia ghorofa ya juu, kata vibana kimoja kimoja ukishusha. Ukivuta fungu zima kwa nguvu utachuna nyaya za wenzako. Koaksi ya mwisho ifungie kamba ya nailoni, na Cat 6 ivutwe kwa hiyo kamba, taratibu: ikizidi mvuto wa kama kilo 11, jozi za ndani zinaharibika.

Usiige njia ya zamani kwa urefu. Koaksi ile ilifika mita 1,500. Cat 6 ni mita 90 za ukutani na 10 za nyaya fupi za kuchomekea vifaa, basi. Weka raki (kabati la vifaa vya mtandao) kwenye ghorofa, na faiba, waya wa nyuzi za kioo, ipande katikati. Ukinunua waya Kariakoo, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha.

Matundu ya sakafu yazibwe kwa dawa ya kuzuia moto. Na zile koaksi ulizotoa, wavu wake ni shaba, zina mwenyewe. Omba karatasi ya kutolea mzigo mapema, maana mlinzi wa getini hatakuelewa saa kumi na mbili jioni.