Pima Safu Nzima: Kuchunguza Mzozo wa Mpaka Katika Mashamba ya Hisa, Nakuru, Kenya

Mizozo mingi ya mipaka kutoka Njoro, Subukia, Solai au Molo ina mzizi mmoja: shamba la mzungu lililonunuliwa na wanahisa baada ya uhuru, likakatwa vipande, watu wakaokota kura, na hati zikaja miaka mingi baadaye. Kati ya kura na hati ndipo mambo huharibika. Kwa hiyo, mchunguzi, anza na makaratasi kabla ya kugusa udongo.

Kusanya cheti cha hisa, kadi ya kura, nakala ya rejista, ramani ya usajili, na, ikiwa shamba liligawanywa tena, fomu ya mutesheni, yaani inayoonyesha lilivyogawanywa. Andika namba ya kura kando ya namba ya usajili. Aliyeokota karatasi namba 112 huenda hati yake inasema 347. Ukimtafutia 112 kwenye ramani ya serikali utamsimamisha katika shamba la mtu mwingine. Kosa hilo peke yake linatosha kugombanisha familia mbili ambazo hata hazipakani.

Pambanua pia aina ya mzozo. Ukiwa wa mpaka, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, haiiruhusu mahakama kuusikiliza kabla msajili wa ardhi hajaamua mpaka huo. Ukiwa wa nani mwenye shamba, hiyo ni kazi ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wewe rekodi ulichokiona, usiamue.

Toa ilani ya maandishi kwa pande zote mbili na kwa kila jirani anayepakana nao, pamoja na wanaolima bila hati. Mjane anayelima upande wa chini mara nyingi ndiye anayejua ua ulisogezwa lini, na ndiye anayesahauliwa. Usipande gari la mlalamishi. Chai ya nyumbani kwake, hata ikiwa ya heshima tu, ingoje kazi iishe.

Ukifika, usianze kupima kutoka kwenye ua unaobishaniwa. Tafuta pembe ambayo kila mtu anaikubali, hata kama iko mashamba manne mbali. Chimba taratibu hadi uone bikoni, yaani alama ya mpaka: chuma kilichomiminiwa zege, mara nyingine kimefukiwa kabisa. Tazama udongo unaokizunguka. Bikoni ya zamani imeshikwa na mizizi na udongo wake umeshikamana. Iliyohamishwa juzi imekaa kwenye udongo mlegevu uliochanganyika rangi. Piga picha utepe wa kupimia ukiwa kando yake, kisha ifukie. Kung'oa au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai, kwa hiyo unachokiona hapo kinaweza kuwa ushahidi.

Sasa pima safu nzima, kutoka pembe inayokubalika hadi nyingine inayokubalika. Hapa wachunguzi wengi hukosea: hupima mashamba mawili yanayogombana, wanaona moja limepungua mita mbili, wanamlaumu jirani. Chukua safu ya mashamba manane yenye upana wa mita 50 kila moja. Inapaswa kuwa mita 400. Ikitoka 400 na shamba moja limepungua, kuna aliyeingia kwa mwenzake, na huenda si jirani wa karibu: wa kwanza akisogea, kila mmoja humsukuma anayefuata. Ikitoka 394, huenda upungufu ulianza siku ya kukata shamba, na si lazima awepo jirani mwenye hatia.

Shika utepe mlalo. Kwenye mteremko unaopanda mita 6 katika mita 30 za utepe, ukipima juu ya ardhi unajidanganya kwa takriban sentimita 60. Jipiesi (GPS) ya mkononi hukosea mita kadhaa. Itumie kuonyesha mahali shamba lilipo tu. Na usipime kwa rula juu ya ramani: kwenye ramani ya kipimo cha 1:2,500, mstari wa nusu milimita unafunika mita 1.25 za shamba, na sheria yenyewe inasema ramani hiyo ni ya makadirio isipokuwa mpaka umesajiliwa kuwa wa kudumu.

Hoji kila shahidi peke yake, mbali na umati. "Mzee, ua huu wa kayaba ulipandwa kabla au baada ya mvua ya El Niño ya 1997?" humsaidia kukumbuka kuliko kumwomba mwaka. Epuka kutumia machafuko ya uchaguzi kama alama ya wakati. Utafungua vidonda na kikao kitageuka. Msomee maelezo yake kwa lugha anayoielewa kabla hajatia sahihi au kidole gumba.

Chora mchoro hapohapo, vipimo vikiwa juu yake, na pande zote mbili zitie sahihi kwamba vipimo vilichukuliwa mbele yao. Anayekataa, andika amekataa na sababu aliyoitoa. Maoni yako usiyatamke shambani hata ukibanwa: ua unaweza kung'olewa jioni hiyohiyo. Ripoti iandikwe siku mbili zisipite, bado unakumbuka ni kisiki kipi kilikuwa upande upi.