Somo: Mjue mteja wako kabla hujalipia tangazo

Wadau, wengi wetu tukiulizwa mteja wetu ni nani tunajibu "yeyote mwenye hela". Aliyejitahidi kidogo atasema "wanawake wa miaka 25 hadi 40". Jibu la kwanza halina msaada wowote. La pili linasikika la kitaalamu, ila hebu jaribu kuwaandikia tangazo watu hao. Utawaambia nini? Ndani yao yumo mwenye watoto watatu na asiye na mtoto, anayeshinda ofisini na anayeshinda safarini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kununua kitu kwa sababu tu ametimiza miaka 31. Mtu hununua kwa sababu kuna jambo limemtokea. Somo hili ni la namna ya kulijua hilo jambo, kwa biashara isiyo na bajeti ya utafiti.

Nitatumia mfano wa fundi cherehani, kwa kuwa kazi yake kila mtu anaielewa. Kama wewe unauza vipuri au unapiga picha, badilisha majina ya vitu tu.

Hatua ya 1: Anza na waliokwisha kulipa

Wafuasi wa mtandaoni waache kwanza, na wale marafiki wanaokusifia pia. Chukua daftari la mauzo, risiti na meseji za oda. Kwa kila mauzo ya karibuni andika mteja alichukua nini, alilipa kiasi gani, kama ni mara yake ya kwanza, na alikujuaje. Kampuni zilizouza kwa katalogi za posta zilikuwa zikifanya hesabu ya namna hii miaka mingi kabla ya intaneti: mteja kanunua lini mara ya mwisho, hununua mara ngapi, huacha kiasi gani. Tenga na orodha ya walioulizia bei wakapotea. Hao husahaulika, na wana mengi ya kukuambia.

Fundi wetu akipitia daftari lake anakuta kitu ambacho hakukitegemea. Bango lake linasema "Tunashona nguo za kila aina", lakini kazi nyingi zinazoingia ni kupunguza na kurekebisha nguo zilizonunuliwa tayari. Nguo mpya inalipa zaidi kwa kipande, kweli, ila inakula siku nzima. Akigawanya malipo kwa saa alizotumia, kupunguza suruali kunalipa kuliko kushona gauni. Piga hesabu hiyo na wewe kabla ya kuendelea, maana unaweza kukuta unamkimbilia mteja anayekuchosha bila faida.

Hatua ya 2: Waulize yaliyotokea, usiwaulize maoni

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukimuuliza mtu "ungependa huduma kama hii?" atasema ndiyo, kwa adabu tu, halafu haji. Muulize kuhusu jambo lililokwisha kutokea, ambalo hana haja ya kulibuni. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

Fundi: Ile suruali uliileta Alhamisi. Kwa nini siku ile?
Mteja: Mbona ilikuwa kabatini tangu mwaka jana.
Fundi: Sasa nini kikabadilika?
Mteja: Niliitwa kwenye usaili. Jumatatu.
Fundi: Na kabla ya hapo hukufikiria kuileta?
Mteja: Nilifikiria. Nikajua fundi atakaa nayo wiki mbili.

Tazama kilichopatikana kwa maswali matatu. Kilichomsukuma ni usaili. Kilichokuwa kinamzuia ni hofu ya kucheleweshewa, wala si bei. Na mshindani wa fundi huyu si fundi wa mtaa wa pili, ni kabati! Nguo ilikuwa imelala humo na mwenyewe alikuwa ameshazoea.

Maswali mengine yanayofungua watu: Kabla ya kuja kwangu ulikuwa unafanyaje? Ni nini nusura kikurudishe njiani? Ukimweleza mwenzio kazi yangu, utamwambiaje? Ukishauliza, nyamaza. Kimya kikiwa kirefu mteja atakijaza mwenyewe, na mara nyingi la maana huja hapo. Andika maneno yake kama yalivyotoka, usiyasafishe, tutayahitaji hatua ya 5. Watu wangapi? Endelea mpaka majibu yaanze kujirudia. Wakiwa wa aina moja, hutahitaji wengi.

Hatua ya 3: Wagawe kwa tukio

Kugawa soko si wazo jipya. Mtaalamu wa masoko wa Marekani, Wendell Smith, alilieleza mwaka 1956: soko lenye watu wa mahitaji tofauti litazamwe kama masoko madogo mengi, kila moja na mahitaji yake. Makosa ya wengi ni kugawa kwa umri na jinsia kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Gawa kwa kilichowaleta. Kwa fundi wetu kuna wenye tarehe (usaili, sherehe), kuna ambao miili imebadilika (kanenepa, kapungua, mjamzito), na kuna wenye nguo waipendayo iliyoanza kuchakaa. Mzee wa miaka 60 mwenye usaili na kijana wa 22 mwenye usaili wako kundi moja. Umri utauhitaji baadaye, unapoamua uwatafute wapi.

Hatua ya 4: Chagua kundi moja

Angalia nani analipa vizuri kwa saa yako, nani anafikika kwa urahisi, na nani unaweza kumhudumia vizuri kuliko wengine. Kuchagua hakumaanishi kufukuza. Akija wa kundi jingine, mpokee. Ila tangazo liongee na mmoja.

Hatua ya 5: Mrudishie maneno yake

Linganisha haya mawili:

"Tunashona na kurekebisha nguo za kila aina kwa ubora wa hali ya juu."

"Una usaili wiki hii na suruali ni ndefu? Ilete leo asubuhi, ichukue kesho jioni."

La pili limetoka mdomoni mwa mteja, pamoja na jibu la hofu yake. Bila shaka uwe na uwezo wa kuimaliza hiyo kesho jioni, vinginevyo umelipia tangazo la kujiharibia jina. Kisha lipeleke mahali mteja anapopita kabla ya kukufikia wewe: kwa wauza suti, kwa wapambaji wa sherehe, kwa wanaopiga picha za vitambulisho. Watu hao wanakutana na mteja wako akiwa bado na shida mkononi.

Hatua ya 6: Pima

Kila mteja mpya muulize alikujuaje, uandike. Ukijaribu matangazo mawili, badilisha kitu kimoja tu, la sivyo hutajua kipi kimefanya kazi. Na laiki si mauzo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, mimi ndiyo kwanza naanza, sina mteja hata mmoja. Hiyo hatua ya kwanza naifanyaje?

Jibu: Watafute wanaoimaliza shida hiyo kwa njia nyingine leo hii. Kwa mshindani, kwa kujifanyia wenyewe, au kwa kuvumilia. Waulize maswali yaleyale ya hatua ya 2. Pia soma maoni ambayo wateja wa washindani wako wameandika mtandaoni. Mimi huruka ya sifa tupu na ya matusi, nasoma ya katikati, yale ya "kazi nzuri lakini…". Baada ya hiyo "lakini" ndipo penye nafasi yako.

Swali: Nilituma dodoso kwenye magrupu ya WhatsApp, wakajibu zaidi ya mia, karibu wote wakasema wangenunua. Nimeleta mzigo, kimya. Nimekosea wapi?

Jibu: Kuna mambo mawili. La kwanza ni nani uliwauliza. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais. Zikarudi zaidi ya milioni 2, nalo likatangaza Alf Landon atashinda. Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, watu wenye nafasi kwa enzi hizo, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na waliozitupa. Mwaka huohuo mpima maoni George Gallup, kwa kuuliza watu wachache mno kuliko hao, alimtaja mshindi sawasawa. Kwa hiyo mia yako ya ndugu, marafiki na wasomaji wa magrupu inaweza kukosa mnunuzi hata mmoja.

La pili ni swali lenyewe. "Ungenunua?" halimgharimu mtu kitu. Safari nyingine pokea oda na uombe kishika uchumba kabla ya kuagiza mzigo. Atakayetanguliza hela, hata kidogo, huyo umemjua.

Swali: Mimi nafundisha watoto hesabu. Mzazi ndiye analipa, mtoto ndiye anasoma. Mlengwa wangu nani?

Jibu: Tangazo mwandikie mzazi, somo litengenezee mtoto. Uliza mzazi ni siku gani hasa alianza kukutafuta. Huenda ni siku ya matokeo, huenda ni siku aliyoshindwa yeye mwenyewe kumsaidia mtoto kazi ya nyumbani. Hayo ni matukio mawili na matangazo mawili. Lakini mtoto akichukia kipindi atamchosha mzazi mpaka aache kulipa, kwa hiyo yeye naye muulize, hasa wale walioacha.

Swali: Makundi mawili yote yananilipa vizuri. Nikichagua moja si napoteza la pili?

Jibu: La pili litaendelea kuja kama linavyokuja sasa. Hela ya tangazo ndiyo usiigawe, hasa ikiwa ndogo. Anza na kundi moja mpaka uone mauzo yake yamepanda au yamekataa, kisha hamia la pili na ujumbe wake.

Swali: Ni sawa kuchukua namba za simu za wateja niwatumie ofa?

Jibu: Omba ruhusa, mwambie utazitumia kwa lipi, na akitaka kutoka mtoe siku hiyohiyo. Nchi nyingi sasa zina sheria ya taarifa binafsi, ya kwako isome. Usikusanye usichokihitaji: fundi anahitaji jina, namba, vipimo na tarehe ya shughuli. Ile tarehe ndiyo itakayokuambia lini umtumie ujumbe, na lini umwache apumzike.